Mwongozo wa Kuwahudumia Watoto wa Kiroma Mashariki mwa Slovakia

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya Wakristo wanaotumia Kiswahili na wanaoishi Ulaya, wawe wanafunzi, watawa, mapadre waliotumwa huko au wafanyakazi wa kawaida, ambao parokia au kanisa lao limewaomba wajiunge na huduma ya watoto katika makazi ya Waroma, jamii ya wachache ya Ulaya yenye asili ya India (si wenyeji wa mji wa Roma). Mifano yake inatoka mashariki mwa Slovakia, katika mikoa ya Košice na Prešov, ambako huduma ya aina hii ina mizizi na ambako umaskini wa makazi hayo hauhitaji kutafutwa. Anayehudumu Romania, Hungaria au Bulgaria atakuta sheria nyingine na madhehebu mengine, ila mpangilio wa hatua utamfaa. Msimamo wa mwongozo huu ni mmoja: mtoto wa Kiroma hafikiwi kwa kumzunguka mzazi wake. Huduma inayowakusanya watoto huku ikiwaacha wazazi nje ya uzio, hata kama nyimbo zake ni nzuri na uji wake ni wa moto, inarudia jambo ambalo watu hawa wameshafanyiwa na serikali mbalimbali kwa karne kadhaa.

Hatua ya kwanza: jifunzeni historia kabla ya kuandaa nyimbo

Waroma wa Slovakia wanakadiriwa kuwa zaidi ya 400,000 katika nchi yenye watu milioni tano na nusu hivi. Lugha yao, Kiromani, ina asili ya India, na mababu zao walikwisha kufika Ulaya ya Kati kabla ya Wazungu kuifahamu Amerika. Kwa hiyo si wageni, si wahamiaji, na si watu wa kuhamahama kama wengi wanavyodhani. Familia nyingi za mashariki mwa Slovakia zimekaa mahali pamoja kwa vizazi vingi, na waliokuwa bado wanasafiri na magari ya farasi walilazimishwa kuacha kwa sheria ya mwaka 1958 chini ya utawala wa kikomunisti.

Sehemu ya historia inayowahusu moja kwa moja wahudumu wa watoto ni hii. Katika karne ya 18, Malkia Maria Theresa, aliyekuwa Mkatoliki wa kushika dini na aliyetawala pia eneo ambalo leo ni Slovakia, alitoa amri zilizokusudia kuwafuta Waroma kama watu wenye lugha na desturi zao. Miongoni mwa amri hizo ilikuwa kuwaondoa watoto kwa wazazi wao na kuwakabidhi kwa familia za wakulima ili walelewe kama Wakristo wema. Mwanawe, Josef wa Pili, aliendeleza sera hiyo. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, amri ya mwaka 1941 iliagiza makazi ya Waroma yaliyokuwa kando ya barabara kuu yaondolewe, na hiyo ni sababu mojawapo ya makazi mengi hadi leo kuwa ng'ambo ya mto, juu ya kilima au mwisho wa njia ya matope. Baada ya vita, katika enzi ya Chekoslovakia na hata baadaye, wanawake wa Kiroma walifungwa uzazi hospitalini bila ridhaa ya kweli. Serikali ya Slovakia iliomba radhi kwa jambo hilo mwezi Novemba 2021. Bibi anayewatazama mkifika na magitaa yenu anaweza kuwa mmoja wao.

Mkishayajua haya, hamtashangaa mama akisimama katikati ya mlango na kuuliza kwa ukali kwa nini mgeni anataka kujua jina la mtoto wake. Swali lake ni la haki, nanyi mnapaswa kuwa na jibu fupi, la kweli, lisilobadilika kutoka mhudumu mmoja hadi mwingine.

Hatua ya pili: tafuteni aliyekwisha kutangulia

Ni nadra sana kukuta makazi ambayo hakuna Mkristo aliyewahi kufika. Waroma wengi wa mashariki wamebatizwa katika Kanisa Katoliki la Kirumi au la Kigiriki, na katika miongo ya karibuni makanisa ya Kipentekoste yamekua kwa kasi, mara nyingi yakiongozwa na wachungaji wa Kiroma wenyewe. Katika mtaa wa maghorofa wa Luník IX ulioko Košice, ambao ndio unaojulikana zaidi nje ya nchi, Wasalesiani, shirika la watawa wa Kikatoliki, wamekuwa wakiishi na kuhudumu tangu mwaka 2008, na Papa Fransisko aliutembelea tarehe 14 Septemba 2021. Kwa hiyo kundi linaloingia likidhani linaleta Injili kwa mara ya kwanza limeshakosea njia kabla ya kushuka kwenye basi.

Kabla ya kufanya lolote, nendeni kwa paroko au mchungaji wa eneo hilo. Kisha mtafuteni mfanyakazi wa ustawi wa jamii anayezunguka nyumba kwa nyumba, ambaye manispaa nyingi zenye makazi ya Waroma zinaye, pamoja na msaidizi wa afya, ambaye mara nyingi ni Mroma wa pale pale na anajua ni mtoto yupi ana pumu na ni nyumba ipi ina ugonjwa wa kuambukiza wiki hiyo. Watu hawa wawili watawaambia mambo ambayo hamtayapata katika semina yoyote: shule inaendeshwa kwa zamu au la, posho za serikali hulipwa lini, familia zipi hazisalimiani.

Jambo hilo la mwisho ni zito. Msidhani kuna chifu mmoja ambaye akikubali basi makazi yote yamekubali. Makazi yenye watu 800 yanaweza kuwa na koo nne ambazo hazikai meza moja, na mkiweka mkutano wenu katika ua wa ukoo mmoja, watoto wa koo nyingine hawatakuja, nanyi mtaandika katika ripoti kwamba watoto hawapendi Neno la Mungu. Tafuteni mahali pasipo na mwenyewe: kituo cha jamii, darasa la shule, ukumbi wa kanisa, au uwanja wa mpira.

Hatua ya tatu: jengeni ulinzi wa mtoto kabla ya kumwona mtoto wa kwanza

Kila mhudumu, pamoja na yule ambaye ni padre, mtawa au mke wa mchungaji, alete hati rasmi inayoonyesha kwamba hana rekodi ya uhalifu, kutoka nchi anamoishi na kutoka nchi alikotoka ikiwa hajakaa Ulaya muda mrefu. Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, si chumbani, si garini, si katika maungamo yanayofanyika mahali palipofichika. Watoto wanasindikizwa chooni na mtoto mwenzao mkubwa wa familia moja, huku mhudumu akisimama mahali anapoonekana na wote.

Sheria ya Slovakia inamtaka kila mtu anayejua kwamba haki za mtoto zinavunjwa aiarifu ofisi ya ulinzi wa watoto. Andikeni mapema jina la mhudumu atakayepokea taarifa kama hiyo katika kundi lenu, na hakikisheni kila mmoja ana namba 116 111, ambayo ni simu ya msaada kwa watoto, na 112 kwa dharura. Hata hivyo, tofautisheni umaskini na ukatili. Mtoto asiye na soksi mwezi Machi, anayelala kitanda kimoja na ndugu zake watatu katika nyumba isiyo na maji ya bomba, hajatupwa na wazazi wake. Ni mkazi wa mahali ambapo manispaa haijafikisha bomba. Mhudumu anayechanganya mambo haya mawili na kukimbilia kupiga simu anaweza kusababisha mtoto aondolewe nyumbani bila sababu, na kuanzia siku hiyo hakuna mlango utakaofunguliwa kwa Mkristo yeyote katika makazi hayo. Kwa upande mwingine, mtoto akieleza kwamba anapigwa au anaguswa vibaya, msianze kufanya upelelezi wala upatanishi wa kifamilia. Msikilizeni, msimwahidi siri, andikeni maneno yake kama alivyoyasema, na mtoe taarifa siku ile ile.

Kuhusu picha, kanuni iliyo salama zaidi ni kutopiga. Sheria ya Ulaya ya kulinda taarifa binafsi, inayotumika tangu Mei 2018, inahitaji ridhaa ya mzazi, lakini hata ridhaa ikiwepo, swali la adabu linabaki. Sisi tuliokulia Afrika Mashariki tunawajua wageni wanaotembelea vituo vya watoto yatima wakiwa na kamera shingoni, wakimkumbatia mtoto wasiyemjua jina na kuituma picha kwao kabla ya chakula cha mchana, na wengi wetu tumewahi kuwasema vibaya wageni hao. Itakuwa ajabu kama tutafika Slovakia na kuchukua nafasi yao.

Hatua ya nne: pitieni kwa wazazi, nyumba kwa nyumba

Tengeni majuma ya mwanzo kwa ajili ya kutembelea familia tu, bila kipindi chochote cha watoto. Nendeni wawili wawili, ikiwezekana mwanamume na mwanamke, mkiwa na mtu wa makazi hayo. Semeni majina yenu, kanisa mnalotoka, siku na saa ambayo mngependa kukutana na watoto, mtakachofundisha, na kwamba mzazi anaweza kuja kukaa na kusikiliza wakati wowote. Salamu ya mchana katika Kiromani cha huko ni «lačho ďives», shukrani ni «paľikerav», na unapowaaga wanaobaki unasema «ačhen Devleha», yaani bakini na Mungu. Maneno haya machache, hata yakitamkwa kwa lafudhi ya Mwanza au Mombasa, hufungua nyuso za watu. Epukeni kabisa neno «cigán», jina la dharau kwa Waroma, hata kama mtawasikia Waroma wenyewe wakiitana hivyo kwa utani.

Mkikaribishwa kahawa, kunyweni. Itakuwa nzito, tamu, yenye machicha chini ya kikombe, na itakuwa imetengenezwa na mtu ambaye huenda ameyabeba maji yake kwa ndoo. Mgeni anayekataa kikombe katika nyumba ya Mroma anaeleweka kuwa amewaona wenyeji ni wachafu, na maelezo ya tumbo lake hayatasaidia. Kaeni, ulizeni habari za wagonjwa, mtazame picha za arusi zilizoko ukutani. Kwa mtu aliyelelewa katika desturi ya kutembeleana, hatua hii ni nyepesi kuliko ilivyo kwa wahudumu wengi kutoka Ulaya Magharibi wanaotazama saa, na hapa ndipo Mwafrika ana faida ya kweli.

Faida hiyo ina upande wake wa pili. Watoto watataka kugusa nywele zenu, watawaita «Afrika», na kwa mikutano ya mwanzo kivutio kitakuwa ninyi badala ya Injili. Pokeeni kwa ucheshi, wekeni mipaka kuhusu kuguswa, na subirini. Udadisi huo hupungua haraka mnapozoeleka.

Hatua ya tano: mkutano wa kwanza

Andaeni kwa ajili ya watoto kumi na tano, kisha mzidishe vifaa mara mbili. Mtakuwa mmewaalika watoto wa miaka sita hadi kumi, lakini msichana wa miaka tisa atafika akiwa amembeba kiunoni mdogo wake wa miaka miwili, kwa sababu mama amekwenda mjini na mtoto ni jukumu lake. Atasimama mlangoni kwanza, akipima uso wa mhudumu kama atafukuzwa. Msimfukuze, na msimpokonye mtoto ili «apate kusoma». Wekeni mkeka pembeni wenye vitu vikubwa visivyomezeka, mhudumu mmoja akae hapo kwa kazi hiyo tu, na msichana aachwe aamue mwenyewe lini atamweka mdogo wake chini. Mara nyingi atafanya hivyo wakati wa wimbo wa pili.

Saa ya mkutano ipangwe kufuatana na shule. Katika baadhi ya vijiji madarasa hayatoshi na watoto husoma kwa zamu mbili, asubuhi na mchana, au katika madarasa ya makontena, kwa hiyo mkutano wa saa tisa alasiri unaweza kuwa unawakosa nusu ya watoto bila ninyi kujua. Siku ya malipo ya posho pia haifai, kwa kuwa familia nzima huenda madukani. Wakati wa baridi kali, mtoto asiye na viatu vya kufunika hawezi kuja hata akitaka, hivyo chumba kiwe karibu na kiwe na joto kabla hawajafika.

Mpangilio wa saa moja na nusu unatosha. Anzeni na mpira au mchezo wa kukimbia nje kwa dakika ishirini, kwa sababu mtoto aliyekaa kimya darasani tangu asubuhi hawezi kukaa kimya tena mara moja. Kisha nawisheni mikono kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, bila maneno ya kuaibisha kuhusu uchafu, wahudumu wakinawa pamoja na watoto katika foleni ile ile. Fuateni na nyimbo. Hapa mtaona jambo la kufurahisha: nyimbo za shule ya Jumapili za kwetu zenye kupiga makofi na kuitikiana hufundishika kwa dakika tano, maneno yake ya Kiswahili yakiimbwa bila shida yoyote, na baada ya wiki mbili watoto watakuwa wameshawaongezea sauti ya pili ambayo hamkuifundisha. Baada ya nyimbo ndipo hadithi ya Biblia, isiyozidi dakika kumi na mbili, kisha kazi ya mikono au kuigiza, sala fupi, na chakula chepesi ambacho kila mtoto anapewa sawa na mwenzake. Hesabuni mikasi mbele ya watoto wanapopewa na wanaporudisha; si kwa kuwashuku, ni kwa sababu mkasi uliosahaulika ndani ya koti la mtoto wa miaka mitatu ni hatari, na kwa sababu tuhuma ya wizi ikitokea hata mara moja bila msingi itaenea makazi yote jioni hiyo.

Mtapoteza mpangilio huu katika mkutano wa kwanza, pengine na wa pili. Jambo la kushikilia ni kuanza na kumaliza kwa wakati uliotangazwa.

Hatua ya sita: lugha na hadithi

Watoto wengi wa makazi haya huingia shuleni wakizungumza Kiromani tu, na shule hufundisha kwa Kislovakia. Asiyeelewa swali huonekana hana akili, na kwa miongo mingi jibu la mfumo lilikuwa kumpeleka katika shule au darasa la watoto wenye ulemavu wa akili. Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua tarehe 13 Novemba 2007, katika kesi ya wanafunzi 18 wa Kiroma kutoka Ostrava katika nchi jirani ya Czech, kwamba utaratibu huo ni ubaguzi, na mwaka 2023 Tume ya Ulaya iliamua kuipeleka Slovakia yenyewe mbele ya Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya kuhusu kutengwa kwa watoto wa Kiroma mashuleni. Mtoto aliyepitia hayo asije akakutana na kipindi cha kanisa kinachofanana na mtihani. Msimwite mtoto asome kwa sauti mbele ya wenzake. Msiulize maswali yenye jibu moja sahihi. Simulieni hadithi kwa mdomo, mtu wa Kiroma akitafsiri au, vizuri zaidi, akisimulia yeye mwenyewe baada ya kuandaliwa nanyi siku moja kabla. Agano Jipya limetafsiriwa katika Kiromani cha Slovakia Mashariki, na mtoto anayemsikia Yesu akizungumza lugha ya nyumbani kwao anasikiliza kwa namna nyingine kabisa.

Katika kuchagua hadithi, msianze na mwana mpotevu wala na Zakayo. Hadithi hizo ni za thamani, lakini mtoto ambaye amesikia dukani na kwenye basi kwamba watu wake ni wezi atadhani mmekuja kusema lile lile kwa sauti ya upole. Anzeni na Miriamu akimlinda mdogo wake Musa kando ya mto. Yule msichana wa mlangoni hatahitaji ufafanuzi. Endeleeni na Hajiri na Ishmaeli jangwani, Daudi ambaye baba yake hakumwita alipokuja Samweli, na Yesu akiwakemea wanafunzi waliowazuia watoto. Hadithi ya mateso ya Yesu nayo ifundishwe kwa uangalifu: kuna ngano ya zamani ya Ulaya inayosema kwamba misumari ya msalaba ilifuliwa na mhunzi wa Kiroma, na mtoto anaweza kuwa ameisikia kama tusi. Akiuliza, mjibuni wazi kwamba Biblia haisemi hivyo mahali popote.

Msitumie hofu ya jehanamu kuwapata watoto wainue mikono, na msihesabu mikono iliyoinuliwa. Mtoto wa miaka saba huinua mkono kwa sababu anampenda anayeuliza.

Hatua ya saba: ubatizo, wasimamizi na madhehebu

Ubatizo wa mtoto ni sherehe kubwa sana katika familia za Kiroma za Slovakia, na msimamizi wa ubatizo, anayeitwa «kirvo» au akiwa mwanamke «kirvi», anafungwa kwa undugu wa kudumu na wazazi, si mtoto peke yake. Baada ya miezi kadhaa kuna uwezekano mkubwa mhudumu akaombwa awe msimamizi. Ni heshima, na ni ahadi ya kuhudhuria, kusaidia na kusimama na familia hiyo kwa miaka. Mwanafunzi ambaye kibali chake cha kuishi kinaisha Juni aikatae kwa shukrani na kwa maelezo ya kweli, badala ya kukubali na kutoweka.

Mhudumu wa kanisa lisilobatiza watoto wachanga asiwaambie watoto kwamba ubatizo wao haukuwa kitu. Suala hilo ni la wazazi na wachungaji, na mtoto aliyerudi nyumbani akimwambia bibi yake kwamba padre alimdanganya hatarudi wiki inayofuata. Vivyo hivyo, mtoto anayejiandaa kwa komunyo ya kwanza asipangiwe kipindi kinachogongana na katekesi yake.

Hatua ya nane: zawadi, nguo na fedha

Kwa maoni yangu, hapa ndipo huduma nyingi zenye nia njema huharibika. Lori la zawadi za Krismasi likifika mara moja kwa mwaka, watoto hugombana, wazazi hudhalilika mbele ya watoto wao, na kanisa hujifunza kuhesabu masanduku badala ya kujua majina. Kama mna nguo au viatu, wapeni wazazi kupitia kituo cha jamii, kwa bei ndogo kama ya mitumba ili mtu achague saizi na rangi anayotaka na kuondoka akiwa mnunuzi. Kama ni chakula, kiwe cha kipindi chenyewe, sawa kwa wote.

Msikopeshe fedha hata kidogo. Katika makazi mengi kuna wakopeshaji wa riba kubwa, wengine wakiwa jirani kabisa, ambao huwanasa maskini hadi posho nzima ya mwezi inaishia mikononi mwao. Mhudumu anayekopesha anaingia katika mtandao huo asioujua, na akidai au akisamehe, vyote viwili vinamharibia. Familia iliyo katika deni ielekezwe kwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Wala msitoe tuzo kwa mahudhurio. Mtoto aliyekaa nyumbani kumlea mgonjwa asipoteze kalamu za rangi kwa sababu hiyo.

Hatua ya tisa: msaada wa masomo na wasichana wakubwa

Wazazi wakishawaamini, jambo watakaloliomba mara nyingi ni msaada wa kazi za shule. Kubalini, mradi mna mtu anayejua Kislovakia vizuri. Dawati moja, taa nzuri na penseli zilizochongwa ni vitu ambavyo nyumba yenye watu kumi na mmoja katika vyumba viwili haiwezi kutoa. Mwaka mmoja wa shule ya awali kwa watoto wa miaka mitano umekuwa wa lazima nchini humo tangu 2021, hivyo kipindi cha asubuhi kwa watoto hao kisije kikawa kisingizio cha kutowapeleka.

Wasichana kuanzia miaka kumi na miwili wanahitaji kundi lao, linaloongozwa na wanawake, ikiwezekana mama wa Kiroma aliyemaliza shule. Wengi huacha masomo mapema kwa sababu ya malezi ya wadogo zao au kuanza familia. Mwanamume asiwe kiongozi wa kundi hilo, na asiwapelekee ujumbe wa simu binafsi, hata wa mistari ya Biblia.

Hatua ya kumi: kukabidhi

Tangu mwezi wa kwanza, chagueni vijana wawili au watatu wa makazi hayo wasaidie: mmoja kwenye muziki, mmoja kwenye orodha, mmoja kwenye tafsiri. Wapeni kazi halisi, nanyi mvumilie ikifanyika tofauti na mlivyozoea. Ndani ya mwaka wa pili, hadithi isimuliwe na wao, na wahudumu kutoka nje wabaki kwenye mkeka wa watoto wadogo na kunawisha mikono. Parokia au kanisa la kijijini lishawishiwe kuwaalika watoto hao katika ibada ya kawaida ya Jumapili, pamoja na wazazi wao, katika viti vilevile. Jambo hili litakuwa gumu kuliko yote yaliyotangulia, na litahitaji mazungumzo na waamini wasio Waroma ambayo paroko peke yake ndiye anayeweza kuyaongoza.

Mhudumu anayeondoka awaambie watoto mwezi mzima kabla, ataje tarehe, na amtaje kwa jina atakayebaki. Asiahidi kurudi kama hana tiketi. Orodha ya majina na namba za simu za wazazi hukabidhiwa kwa kiongozi wa eneo pamoja na ufunguo wa kabati, na nakala iliyoko kwenye simu au kompyuta ya mhudumu hufutwa mbele ya mtu mwingine kabla hajapanda treni ya kwenda Bratislava.